Waliojenga Nyumba Wasilale Nje



Katika toleo hili tunakualika uitazame nchi iliyo mbali na macho yetu, lakini isiyo mbali na historia yetu. Jamaica ni kisiwa cha bahari ya Karibi chenye watu wapatao milioni 2.8, na walio wengi kati yao ni wajukuu wa Waafrika waliokamatwa, wakauzwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki kwa nguvu, hasa kutoka pwani za Afrika ya Magharibi na ya Kati. Wengi wetu tunakijua kisiwa hicho kwa muziki wake na kwa wanariadha wake. Ni wachache wanaojua kwamba katika miaka ya karibuni kisiwa hicho kimefanya jambo lililozishinda nchi nyingi maskini: tangu mwaka 2013 hadi mwaka 2024 kimepunguza uzito wa deni lake la taifa kwa kiasi cha nusu, huku serikali zikibadilishana madaraka kwa kura na kwa amani.

Hiyo ni habari njema, nasi twaipokea kwa furaha. Hata hivyo, Tume ya Haki na Amani ina wajibu wa kuuliza maswali mawili kila inaposikia habari za maendeleo. Ni nani aliyebeba mzigo? Na ni nani anayekula matunda? Vitabu vya hesabu vyaweza kupendeza machoni pa wakubwa huku mtoto wa mkata akiendelea kulala na njaa. Haki hutimia pale yule aliyebeba mzigo anapohesabiwa miongoni mwa walaji wa matunda. Kwa kipimo hicho tunataka kuitazama Jamaica, na kwa kipimo hicho hicho hatuna budi kujitazama sisi wenyewe.

HESABU ILIYOANDIKWA KINYUME

Uhuru wa watumwa wa Jamaica haukuletwa na huruma ya wakubwa peke yake. Katika sikukuu ya Noeli ya mwaka 1831, Samuel Sharpe, mtumwa aliyekuwa shemasi wa Kanisa la Kibaptisti, aliwaongoza wenzake kugoma kufanya kazi mpaka walipwe ujira. Mgomo uligeuka kuwa vita, ukazimwa kwa mauaji makubwa, na Sharpe mwenyewe akanyongwa mwezi Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta utumwa.

Sheria hiyo ilitenga fidia ya paundi milioni 20. Fidia hiyo walipewa mabwana. Mtumwa alikuwa amehesabiwa kuwa mali, na kwa hesabu za siku zile aliyepata hasara alikuwa mwenye mali. Katika Jamaica watu zaidi ya 300,000 walitangazwa kuwa huru tarehe 1 Agosti 1834, mikono mitupu. Tena walio wengi kati yao walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale bila ujira, kwa sehemu kubwa ya juma, mpaka tarehe 1 Agosti 1838. Mkopo ambao serikali ya Uingereza iliuchukua ili kulipa fidia hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba hata wale wajukuu wa watumwa waliohamia Uingereza na kulipa kodi huko walichangia, pasipo kujua, kuwafidia watu waliowamiliki babu zao.

Basi hesabu ya kwanza ya kisiwa hicho iliandikwa kinyume: aliyefanya kazi hakupata kitu, na aliyekula jasho la mwenzake akalipwa kwa kuacha kulila. Hatuwezi kuelewa jitihada za Wajamaica za leo kama hatukuisoma kwanza hesabu hiyo.

ARDHI, AKIBA NA HESHIMA

Walionyimwa fidia walianza kujitafutia riziki kwa njia tatu ambazo mkulima wetu wa Afrika ya Mashariki anazijua vyema: ardhi, akiba na umoja.

Kwanza, ardhi. Wamisionari wa Kibaptisti walinunua mashamba, wakayagawa katika viwanja vidogo na kuwauzia walioachwa huru ili wasitegemee tena nyumba na vibali vya mabwana wa zamani. Kijiji cha kwanza cha namna hiyo, Sligoville, kilianzishwa mwaka 1835 na mchungaji James Phillippo. Mtu mwenye kiwanja chake aliweza kukataa ujira wa dhuluma, kwa kuwa alikuwa na pa kulala na pa kulima. Mpaka leo familia nyingi za Jamaica huhesabu kipande cha ardhi walichoachiwa na wazee kuwa mali ya ukoo mzima, pamoja na wale walio ng'ambo.

Lakini ardhi haikuwatosha wote, wala mahakama hazikuwa za haki. Mwaka 1865 shemasi mwingine wa Kibaptisti, Paul Bogle, alitembea pamoja na wenzake zaidi ya kilomita 70 hadi Spanish Town kumpelekea gavana malalamiko ya wakulima. Gavana alikataa kuwaona. Mwezi Oktoba wa mwaka huo yalizuka machafuko katika mji wa Morant Bay, na serikali ya kikoloni ikalipiza kisasi kwa kuua watu zaidi ya 400 na kuchoma nyumba zaidi ya 1,000. Bogle alinyongwa. Leo Sharpe na Bogle ni miongoni mwa mashujaa saba wa taifa la Jamaica. Gavana asiyesikiliza malalamiko katika karatasi atayasikia siku moja katika moto.

Pili, akiba. Wajamaica wana desturi waiitayo pardna, ambayo msomaji wetu ataitambua mara moja, maana ndiyo upatu wetu: watu wanaoaminiana hutoa kiasi kile kile kila juma, mmoja hukabidhiwa kutunza, na kila mmoja hupokea fungu zima kwa zamu yake. Kwa upatu huo akina mama wamelipa ada za shule, wamenunua mabati na kuanzisha genge la mboga, bila kuingia katika benki ambayo isingewasikiliza. Mwaka 1941 Padre John Sullivan, Mjesuiti, aliisogeza mbele desturi ya kuaminiana kwa kuanzisha mjini Kingston chama cha kwanza cha akiba na mikopo. Katika nchi ambayo Wakatoliki ni wachache sana, mbegu hiyo iliota katika shamba la wote, na vyama hivyo vikaenea kisiwa kizima.

Tatu, umoja wa wafanyakazi. Mwaka 1938 wafanyakazi wa miwa huko Frome na makuli wa bandari ya Kingston waligoma, na baadhi yao waliuawa. Kutokana na vuguvugu hilo vilipata nguvu vyama vya wafanyakazi na vikazaliwa vyama viwili vya siasa ambavyo vimepokezana madaraka hadi leo: PNP cha Norman Manley na JLP cha binamu yake Alexander Bustamante. Mwaka 1944 kila mtu mzima alipata haki ya kupiga kura bila kuulizwa mali yake, na tarehe 6 Agosti 1962 nchi ikapata uhuru.

DENI

Mwaka 1972 Michael Manley, mwana wa Norman, alichaguliwa kuwa waziri mkuu. Serikali yake iliweka kima cha chini cha mshahara, ikawapa haki sawa kisheria watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na mwaka 1974 ikatoza kodi mpya makampuni ya kigeni yaliyochimba boksiti, yaani udongo unaotoa madini ya alumini. Manley na Mwalimu Julius Nyerere walikuwa marafiki wa fikra, na baadaye walikaa pamoja katika Tume ya Kusini, Mwalimu akiwa mwenyekiti.

Hata hivyo, bei ya mafuta iliyopanda tangu mwaka 1973, matumizi yaliyozidi mapato, na matajiri waliohamisha fedha zao vilimaliza akiba ya nchi. Mwaka 1977 Jamaica ilipiga hodi katika Shirika la Fedha la Kimataifa. Sisi Watanzania tunaujua mlango huo, kwani mwaka 1986 tulitia saini masharti ya namna hiyo. Ushindani wa vyama nao ulikuwa umegeuka kuwa uadui: vijana wa mitaa maskini walipewa bunduki, na uchaguzi wa mwaka 1980 uligharimu maisha ya watu wapatao 800. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Wazee wetu walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Katikati ya miaka ya 1990 benki na makampuni mengi ya bima ya Jamaica yalianguka, na mwaka 1997 serikali iliunda shirika la kuyaokoa. Amana za wananchi zilinusurika, lakini gharama yake ikaongezwa juu ya deni la taifa. Ilipofika mwaka 2013, deni lilikuwa limepita asilimia 140 ya pato la taifa la mwaka mzima. Sehemu kubwa ya bajeti ilikwenda kwa wadai kabla haijanunua dawa wala chaki.

MZIGO ULIOBEBWA HADHARANI

Hapo ndipo lilipotokea jambo tunalotaka msomaji alizingatie. Mwaka 2013 serikali ya Bibi Portia Simpson Miller wa PNP ilifikia mapatano mapya na Shirika la Fedha. Masharti yalikuwa makali mno: kabla ya kulipa riba, serikali ilipaswa kubakiza ziada ya asilimia 7.5 ya pato la taifa. Yaani katika kila shilingi 100 ambazo taifa lilichuma, shilingi saba na nusu ziwekwe kando kwa ajili ya deni.

Mzigo huo ulibebwa na wengi. Walimu, wauguzi, polisi na watumishi wengine wa serikali walikubali, kwa manung'uniko ya haki, mishahara yao isipandishwe kwa miaka kadhaa. Wenye dhamana za serikali, zikiwemo benki na mifuko ya pensheni, walikubali mara mbili, mwaka 2010 na mwaka 2013, kupunguziwa riba na kungoja malipo kwa muda mrefu zaidi. Tena iliundwa kamati ya kuusimamia mpango huo, yenye wajumbe kutoka serikalini, katika mabenki na biashara, na katika vyama vya wafanyakazi. Kamati hiyo ilizipokea hesabu za serikali na kuwaeleza wananchi, mara kwa mara na kwa lugha ya kawaida, ni ahadi gani iliyotimizwa na ni ipi iliyokawia.

Mwaka 2016 chama cha JLP kilishinda uchaguzi kwa tofauti ya kiti kimoja tu bungeni, na Bwana Andrew Holness akawa waziri mkuu. Katika nchi nyingi serikali mpya ingeubomoa mpango wa wapinzani wake ili ijipatie sifa. Huko waliuendeleza. Kufikia mwezi Machi 2024 deni lilikuwa limeshuka hadi takriban asilimia 73 ya pato la taifa, na watu wasio na kazi, waliokuwa asilimia 15 hivi mwaka 2013, walishuka chini ya asilimia 4 katika mwaka 2024.

Tusidanganyike kwamba njia hiyo ilikuwa nyepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliye mbali huona mepesi yale yaliyomchubua mwingine mabega. Lakini tujifunze jambo moja: watu huvumilia mengi wanapoonyeshwa hesabu na wanapoona kwamba mwenye nacho naye ameguswa. Nehemia, katika sura ya 5 ya kitabu chake, alipowakuta maskini wameweka rehani mashamba na watoto wao, hakuwahimiza maskini pekee wakaze mkanda. Aliwaita wakuu wenye kudai mbele ya mkutano wa watu wote, akawataka warudishe mashamba na riba, na yeye mwenyewe akaiacha posho yake ya uliwali.

JE, MATUNDA YAMEGAWIWA?

Sasa tuulize swali la pili. Yapo matunda yaliyomfikia mtu wa chini. Kima cha chini cha mshahara kwa juma la saa 40 kilikuwa dola za Jamaica 7,000 hadi mapema mwaka 2022. Kufikia mwezi Juni 2025 kilikuwa kimepandishwa hadi 16,000. Ni zaidi ya maradufu, na ni jambo la kusifiwa. Lakini fedha hizo ni sawa na dola 100 hivi tu za Marekani, katika nchi ambayo vyakula vingi huagizwa kutoka nje. Mtume Yakobo anatukumbusha kwamba ujira wa mvunaji uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo hufika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Shuleni hali inatisha zaidi. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Orlando Patterson ilieleza mwaka 2021 kwamba takriban theluthi moja ya watoto wanaomaliza shule ya msingi hawawezi kusoma, na zaidi ya nusu hawawezi kuandika inavyopasa. Wakati huo huo walimu na wauguzi waliofundishwa kwa kodi ya wananchi wanaendelea kuhamia Marekani, Uingereza na Kanada. Wajamaica walio ng'ambo hupeleka nyumbani zaidi ya dola bilioni 3 za Marekani kila mwaka, na fedha hizo zimeokoa nyumba nyingi. Lakini taifa haliwezi kuishi kwa kuwasafirisha walimu wake na kungoja posho zao.

Tena ipo amani. Kwa miaka mingi Jamaica imekuwa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi duniani. Mwaka 2024 waliuawa watu zaidi ya 1,100; mwaka 2025 idadi hiyo ilishuka chini ya 700, jambo ambalo halikuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Tunamshukuru Mungu. Lakini katika mwaka huo huo watu waliouawa kwa risasi za polisi waliongezeka sana, na mitaa ya Kingston haijasahau kwamba mwezi Mei 2010 operesheni ya kumtafuta mtu mmoja katika mtaa wa Tivoli Gardens iliacha maiti wapatao 70. Waziri mkuu aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2017. Mauaji yakipungua kwa sababu vijana wamepata kazi na mahakama zinafanya kazi, hiyo ni amani. Yakipungua kwa hofu ya bunduki nyingine, mtaa unangoja tu siku yake.

Hatimaye, tarehe 28 Oktoba 2025, kimbunga Melissa, chenye nguvu ya daraja la juu kabisa, kilitua kusini-magharibi mwa kisiwa. Kilizibomoa nyumba katika Westmoreland na katika St. Elizabeth, wilaya inayolisha nchi. Wataalamu walikadiria hasara ya takriban dola bilioni 8.8 za Marekani, sawa na asilimia 41 ya pato la taifa la mwaka 2024. Hapo nidhamu ya miaka 10 ilionyesha faida yake: nchi ilikuwa imejiwekea akiba na bima ya maafa, na bima hiyo ililipa dola milioni 150. Lakini kimbunga kiliwaonyesha watu pia nani bado yuko nje ya nyumba. Mwenye hati ya ardhi na bima ya nyumba alianza kuhesabu mabati mapya. Aliyejenga kibanda kando ya mto, juu ya ardhi isiyo yake kwa sheria, alibaki na turubai. Kuna watu kisiwani humo waliobeba deni la taifa kwa miaka 10 kupitia bei ya mkate na mshahara usiopanda, na baada ya kimbunga wakakosa paa.

Kwa hiyo tunawatia moyo ndugu zetu wa Jamaica, tukisema nao kwa heshima: kazi mliyoianza imalizieni. Katika kujenga upya, yule aliyelima kipande chake kwa miaka mingi apewe hati yake, kama walivyopewa viwanja babu zake huko Sligoville. Mtoto afundishwe kusoma kabla ya kufundishwa kingine chochote. Mwalimu na muuguzi walioungoja mshahara wao wapate haki yao bila kulazimika kuvuka bahari. Na kamati ile iliyowasomea wananchi hesabu za deni, ifuatwe na nyingine itakayowasomea hesabu za ujenzi mpya, bati kwa bati.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, hatukukuletea habari hizi ili tuwahukumu walio mbali. Tanzania nayo ilisamehewa sehemu ya madeni yake mwaka 2001, na mwaka huo huo ada ya shule ya msingi ikafutwa. Watoto wengi walijaa madarasani kwa sababu hiyo. Huo ulikuwa msamaha ulioonekana kwa macho ya mtoto. Je, mikopo inayochukuliwa leo kwa jina la mtoto huyo, inaonekana wapi?

Tunaziomba jumuiya ndogondogo zote zifanye mambo matatu katika kipindi hiki. La kwanza: sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane na usomewe mapato na matumizi. Nendeni mkutanoni, ombeni hesabu, na zisomwe kwa sauti mpaka bibi aliyekaa nyuma kabisa azielewe. La pili: vyama vyenu vya akiba na mikopo visimamieni kwa uaminifu, maana mweka hazina anayeiba shilingi ya mjane hubomoa zaidi ya shilingi hiyo. La tatu: kila unapopangwa mchango wa zahanati, wa shule au wa kanisa, ulizeni mapema ni nani atakayebeba na ni nani atakayetumia. Kama fundi aliyejenga zahanati hawezi kumtibia mwanawe humo, rudini mezani mpange upya.

Papa Paulo VI alitufundisha mwaka 1967, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya kila mtu, na kwamba amani haiwezi kujengwa nje yake. Samuel Sharpe hakuwa na waraka huo. Alikuwa na Biblia, na ndani yake aliona kwamba mtu aliyefanya kazi anastahili ujira wake. Alinyongwa kwa ajili ya neno hilo, na hesabu aliyoidai bado haijafungwa, wala kule kwake wala huku kwetu.

Mwenyezi Mungu awajalie Wajamaica wanaojenga upya nyumba zao nguvu na uvumilivu, na atujalie sisi macho ya kumwona aliyelala nje.